Miguu ya Jirani Yetu

Mwaka jana nilirudi kwetu, karibu na Sironga, nikaingia kanisani siku ya Sabato bila kujua kwamba ilikuwa siku ya Meza ya Bwana. Kanisa sasa lina vigae sakafuni na vipaza sauti ukutani. Mzee wa kanisa alitangaza kwamba kabla ya mkate na maji ya zabibu tungekwenda kutawadhana miguu, wanawake katika chumba cha nyuma, wanaume nje chini ya hema. Kama umekulia katika makanisa yetu unaijua huduma hiyo. Mnakaa wawili wawili, mmoja anapiga magoti na kumwosha mwenzake miguu, kisha mnabadilishana, mnakumbatiana na kuombeana. Kama hukukulia huko, nikuambie tu kwamba maji si jambo gumu. Jambo gumu ni kumpata wa kukaa naye.

Nilikaa mwisho wa benchi nikiwa nimevua viatu. Wanawake walikuwa wakiitana kwa majina ya watoto wao, wakicheka, wakivuta mabeseni ya plastiki ya rangi zote. Hatimaye msichana mmoja akanijia.

"Samahani mama, una mtu?"

"Sina."

Akaniosha kwa adabu, harakaharaka. Simu yake ililia mfukoni, akaizima kwa mkono uliolowa. Akaniuliza natoka kanisa gani, ila alikuwa ameshainuka kabla sijajibu. Nilibaki pale na taulo mikononi, na ndipo nilipomkumbuka jirani yetu wa zamani, mwanamke ambaye kwa miaka mingi siku kama hiyo hakuketi.

Nililelewa na bibi yangu, Magokoro kama tunavyowaita bibi zetu kwa Kigusii. Mama alikuwa amefariki nikiwa mdogo, na baba alifanya kazi Kisii mjini, akaoa huko, akawa kwetu mgeni wa Desemba. Basi tulikuwa wawili tu katika nyumba ya udongo yenye mabati, juu ya mteremko uliojaa majani chai na migomba. Siku za wiki Magokoro alichuma chai tangu asubuhi, kikapu mgongoni, na mimi nikitoka shule nilimkuta kituo cha kupimia chai akisubiri mizani pamoja na wanawake wenzake. Tulirudi kwa kundi, wakipiga gumzo njia nzima, na kila lango tulipofika kundi lilipungua mtu mmoja, mpaka tukabaki sisi.

Ijumaa ilikuwa na mwendo wake. Kila kitu kilipaswa kukamilika kabla jua halijazama upande wa vilima vya Manga, kwa sababu Sabato hatukuwasha moto wa kupikia. Mimi nilifagia uwanja, nikateka maji mtoni, nikapiga viatu rangi. Magokoro alichemsha mboga chungu za chinsaga, akazimwagia maziwa na kuzifunika ndani ya chungu zipoteze ukali. Alisonga ugali wa wimbi, mweusi na mzito, akaufunga kwa jani la mgomba. Harufu ya jani hilo likikauka kwa joto, ikichanganyika na harufu ya pasi ya makaa, ndiyo harufu ya Sabato kwangu hadi leo. Jua likishuka tuliimba wimbo mmoja, tukapiga magoti, naye akaomba. Kijiji kizima kilinyamaza wakati mmoja. Ungesikia ng'ombe wa ng'ambo ya bonde akicheua.

Kanisani Magokoro alikuwa shemasi. Kazi yake ilikuwa kutunza vyombo vya Meza ya Bwana, kuoka ule mkate usio na chachu, kupasha maji ya kutawadhana. Watu walimheshimu. Mtu akikosana na mwenzake, walikuja jikoni kwetu, wakanywa chai, wakaondoka wamepatana. Nyumba yetu haikukosa mgeni, na mimi nilidhani ndivyo nyumba zote zilivyo.

Sasa jirani. Shamba lake lilipakana na letu, ua wa miti mifupi katikati. Alikuwa mjane, na watoto aliowazaa walikuwa wamekufa wote wakiwa wachanga, mmoja baada ya mwingine. Kwetu kuna hofu ya zamani kwamba wapo watu wanaotembea usiku kwenda kufanya mabaya milangoni kwa wenzao, na watu husema dalili yao ni umande. Ukimkuta mtu alfajiri miguu imelowa hadi magotini, jiulize ametoka wapi. Jirani yetu alikuwa na ng'ombe mmoja na hakuwa na mtoto wa kumkatia majani, kwa hiyo alitoka kabla ya mapambazuko kukata majani ya nepia kando ya barabara, ili arudi kuwahi kuchuma chai. Miguu yake ililowa kila siku. Mtu mmoja akamwona, akamwambia mwingine. Mtoto wa lango la juu akaugua, akafa. Basi, ikatosha.

Hakuna aliyempiga wala kumchomea nyumba. Sisi ni watu wa kanisa. Watu walimsalimia, "Sabato njema, mama," kisha wakasogea kidogo kwenye benchi. Kwenye harusi alipewa sahani yake mapema, akale pembeni. Na siku ya kutawadhana miguu, miguu ileile iliyosemwa, hakuna mwanamke aliyetaka kuigusa.

Magokoro ndiye aliyetafuta njia. Akamwambia, "Mama, wewe utanisaidia kugawa maji." Tangu hapo, kila tulipofika siku ya Meza ya Bwana, jirani alizunguka na birika kubwa la maji moto, akimimina katika kila beseni, akirudi jikoni kuongeza, akizunguka tena. Alikuwa na shughuli mno asiweze kuketi. Wanawake walipomaliza walirudi kanisani, naye akamwaga maji machafu, akafuta sakafu, akaja kuketi nyuma. Watu walimsifu Magokoro kwa busara. Hakuna aliyeaibika. Sisi watoto tulikuwa tukichungulia dirishani, na hata sisi tulizoea kumwona na birika kama tulivyozoea kuona mimbari.

Halafu likaja somo.

Mwalimu wetu wa Shule ya Sabato alikuwa pia mwalimu wa shule ya msingi, mtu mwembamba aliyetembea na chaki mfukoni hata siku ya ibada. Robo ile ya mwaka tulijifunza barua ya yule mtume mzee anayewaita wasomaji wake watoto wadogo. Wakubwa na watoto tulikaa pamoja kwa sababu mvua ilikuwa imeharibu darasa letu. Mwalimu akauliza, "Mtu anajuaje kwamba amepokelewa na Mungu? Si kutumaini. Kujua."

Wakajibu kila namna. Mmoja akasema kwa ndoto. Mwingine akasema kwa machozi wakati wa maombi. Mzee mmoja akasema kwa kutokula nyama iliyokatazwa, watu wakacheka.

Mwalimu akatikisa kichwa. "Ndoto hupita, na machozi hukauka. Mtume anatazama mambo mawili ambayo hayatengani. Amwamini kweli Mwana wa Mungu, kwamba alikuja akavaa mwili kama huu wetu, wenye jasho na vumbi. Na ampende ndugu yake. Ukisema unampenda Mungu, na jirani yako unamkwepa, hata imani yako haijakuwa imani. Ni maneno tu."

"Sasa mwalimu," mke wa mzee wa kanisa akasema, "sisi hapa tunapendana. Kuna mtu umesikia tukigombana?"

"Sijasikia, mama. Nimeuliza tu."

Nilikuwa nimeegemea goti la Magokoro, nikausikia mguu wake ukikakamaa.

Jioni hiyo sala yake ilibadilika. Zamani ilikuwa ndefu, inazunguka kijiji kizima, wagonjwa, wanafunzi, wachungaji, mvua. Sasa aliposema jina la Bwana alinyamaza, kisha akasema, "Unijulishe," akakaa kimya mpaka magoti yangu yakauma. Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Alianza kusahau chumvi kwenye mboga. Mchungaji alipopita, yule aliyekuwa na makanisa mengi ya kutembelea na aliyekuja kwetu mara chache, Magokoro alimwekea chai na ndizi mbivu, akamuuliza, "Mchungaji, nikifa kesho, niko upande gani?"

Mchungaji akacheka kwa upole. "Wewe shemasi? Wewe ndiye utatufungulia mlango."

Hakucheka naye. Aliondoa kikombe chake tu. Na mimi, nikiwa nimeketi kwenye kigoda karibu na moto, niliogopa kwa njia ambayo siwezi kukueleza vizuri hata sasa. Mama alikuwa kaburini na baba alikuwa mjini. Kama Magokoro hakujua anakokwenda, mimi ningemfuata wapi?

Robo ikaisha, siku ya Meza ya Bwana ikafika. Tulikuwa dirishani kama kawaida. Wanawake walikuwa wameshaketi wawili wawili, mke wa mzee wa kanisa amevua soksi, anamngoja Magokoro, kwa kuwa wawili hao walikuwa wametawadhana miaka yote. Jirani alikuwa katikati ya chumba na birika lake. Magokoro akamwendea, akashika mpini wa birika.

"Keti," akamwambia.

"Nikae wapi? Maji yatapoa."

"Yapoe."

Jirani hakuachia birika. "Mama," akasema chini chini, "watu wanaona."

"Wana macho."

Mwanamke mmoja upande wa mlango akasema, kama anayetania, "Shemasi, leo umekosa miguu ya kuosha?" Wawili watatu wakacheka. Mke wa mzee wa kanisa hakucheka. Alianza kuvaa soksi zake, taratibu.

Jirani akaketi. Miguu yake ilikuwa imepasuka visigino, na kwenye mipasuko mlikuwa na udongo ambao haukutoka hata kwa kusuguliwa. Magokoro akapiga magoti, akaitia kwenye beseni. Nilikuwa karibu na dirisha na niliona akiiosha macho yakiwa kando. Nasema nilichokiona. Uso wake haukung'aa, wala hakuimba. Alikuwa mwanamke mwenye hofu anayeosha miguu anayoiogopa.

Jirani akatazama chini, akasema, "Umande wenyewe ni wa ng'ombe. Anakula sana yule."

Magokoro akatoa sauti ambayo sikujua kama ni kicheko au kilio.

Kisha wakabadilishana, na hapo ndipo palipokuwa pagumu zaidi, kwa maana kumwosha mtu ni jambo moja na kumpa miguu yako aishike ni jingine. Magokoro alifumba macho, akakaza taya, kama mtu anayengoja sindano. Jirani aliosha polepole sana. Aliosha katikati ya kila kidole. Nafikiri alikuwa amesahau jinsi ilivyo kumgusa mtu, na hakutaka kumaliza.

Tukirudi nyumbani nilimuuliza, "Magokoro, sasa umejua?"

"Sijasikia kitu," akasema. "Niliogopa mpaka mwisho."

Jumatatu tulikwenda kituoni, tukakuta wanawake wameshapima chai na kuondoka. Jumanne vilevile. Njia ile ya gumzo ikawa njia ya watu wawili. Hakuna aliyekuja kuomba kaa la moto. Hakuna aliyekuja kupatanishwa. Magokoro alichemsha chai ya jioni kwa kipimo chake cha siku zote, cha watu wengi, nayo ikapoa ndani ya birika tukaimwagia migomba. Sabato iliyofuata mzee wa kanisa alikuja na kumwambia kwa heshima kwamba wamempata dada mwingine wa kuoka mkate, ili yeye apumzike. Shuleni wasichana niliocheza nao kamba walihamia upande mwingine wa uwanja. Nilikuwa nimezoea nyumba yenye sauti. Sasa nilisikia mabati yakilia kwa joto la mchana, nikajua kila sauti yake.

Ndipo nikaugua. Homa ilinishika shambani, nikaanguka kati ya mashina ya chai. Magokoro alinibeba mgongoni hadi zahanati, akanirudisha na dawa, akanilaza kwenye kitanda chake. Habari ilifika kila lango kabla ya sisi kufika nyumbani. Wanawake wakaja mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, wakasimama mlangoni na leso zao, nami nikiwa kitandani niliwasikia vizuri.

"Tulikuambia, mama."

"Mpeleke mtoto kwa baba yake kabla hajaisha."

"Anza kwa kufunga njia ya hapo uani. Yule jirani yako asipite tena."

Walipoondoka Magokoro alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani. Nilimtazama kupitia joto la homa na kuona kwamba aliamini. Nusu yake iliwaamini. Alikuwa na mjukuu mmoja tu.

Kesho yake asubuhi jua likiwa limechomoza, sauti ilitoka ng'ambo ya ua.

"Hodi! Siingii. Nauliza tu, mtoto ameamkaje?"

Magokoro alinivuta blanketi hadi kidevuni.

"Nimesikia wanavyosema," jirani akaendelea. "Wana haki ya kuogopa. Mimi nitabaki huku. Nimeweka maziwa hapa juu ya jiwe, ukiogopa mpe paka." Kisha akaongeza, "Niambie tu kama yu hai."

Magokoro alisimama. Alinitazama kwa muda mrefu, rafiki yangu, na sijawahi kutazamwa hivyo tena na mtu yeyote. Alitoka nje. Nilisikia hatua zake hadi uani, nikasikia matawi yakisogezwa.

"Yu hai," akasema. "Ingia. Anataka uji, na mimi sijalala. Kaa naye nifumbe macho kidogo."

"Mama, akizidiwa nikiwa ndani?"

"Akizidiwa, tutalia wote wawili. Ingia."

Jirani akaingia na maziwa yake. Akapika uji wa wimbi, akauchanganya na maziwa, akaupooza kwa kuumimina kutoka kikombe kimoja hadi kingine, akaninywesha kwa kijiko. Magokoro alilala palepale kwenye mkeka, fofofo, mdomo wazi. Yule shemasi aliyemuuliza mchungaji, aliyeomba mpaka magoti yakaniuma, alilala usingizi wa mtu asiye na swali. Nilipona kwa dawa za zahanati, bila shaka. Lakini jioni Magokoro alipopiga magoti, sala yake ilikuwa ndefu tena, inazunguka kijiji chote, lango kwa lango, na wale waliotuacha akawataja kwa majina. Lile neno "unijulishe" sikulisikia tena.

Sitakudanganya kwamba kijiji kilirudi. Wengine walilegea, wakaanza kusalimia bila kusogea. Wengi hawakurejea, na nyumba yetu haikujaa tena hadi nilipoondoka kwenda shule ya bweni. Nilikua katika nyumba ambayo watu waliipita tu. Kulikuwa na wanawake wawili tu ndani yake, mmoja upande huu wa moto na mmoja upande ule, wakimenya ndizi, wakibishana kama chumvi imetosha.

Baadaye nikawa mwandishi wa habari, na kazi hiyo humfundisha mtu kuuliza swali mara ya pili. Nilipokwenda kumwona Magokoro mara ya mwisho, akiwa hawezi tena kusimama, niliketi kando ya kitanda kilekile nikamuuliza lile la zamani. Kama alijua. Si kutumaini. Kujua.

Alinyoosha kidole kuelekea mlangoni, ambako jirani alikuwa ameketi akipepeta maharagwe. "Muulize yule."

Nikamuuliza.

"Mimi nitajua ya mbinguni wapi?" jirani akasema bila kuacha kupepeta. "Ninachojua, huyu alinipenda."

"Umesikia," Magokoro akaniambia, akageukia ukuta apumzike.

Wote wawili wamelala sasa, kila mmoja katika ardhi yake, na ule ua uliokuwa kati yao umekatwa. Chai imekodishwa kwa mtu ambaye hakuwajua. Jiko limeanguka. Njia ya kituoni imepanuliwa, boda boda hupita hapo kwa kasi, na hakuna tena kundi la kupungua lango kwa lango. Mimi naishi katika jengo la ghorofa mjini, mahali ambapo jirani humjua mwenzake kwa mlio wa kufuli. Mafundisho ninayo yote. Naweza kukueleza lile somo la mwalimu neno kwa neno, na ninaliamini. Ila siku nitakapolala kitandani na mtu akaniuliza kama ninajua, sijui nitamnyooshea nani kidole.